Mke wa Mwoka Mikate: Somo juu ya Sinema, Ndoa na Maisha ya Kijiji



Somo hili limepigwa chapa ili uweze kulipitia polepole, uweke alama mahali panapokupendeza, na urudi nyuma pale ambapo hukuelewa. Ukiweza, lisome pamoja na wenzako. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mzungumze juu ya maswali yaliyo mwisho wa somo. Mazungumzo hayo ni sehemu ya somo lenyewe.

Leo habari yetu ni sinema. Wako watu wanaodhani kwamba sinema ni mchezo wa kupitishia jioni tu, na kwamba mtu akitoka nje ya jumba la sinema yafaa asahau aliyoyaona. Wako wengine wanaoiogopa sinema, wakisema kuwa yafundisha mambo mabaya. Mimi nasema sinema ni kama kitabu: iko mibaya na iko mizuri, na mizuri yahitaji msomaji anayejua kusoma. Basi tujifunze kusoma sinema moja ya Kifaransa, inayoitwa "La Femme du boulanger", yaani "Mke wa Mwoka Mikate". Ilitolewa Ufaransa mwaka 1938. Inachekesha sana, na katikati ya kicheko inauma. Nayo inauliza swali ambalo kila kijiji duniani kimepata kujiuliza: ndoa ya mtu inapovunjika, je, hiyo ni shauri lake peke yake, ama ni shauri la watu wote?

Walioitengeneza

Mtengenezaji wa sinema hii ni Marcel Pagnol. Alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Aubagne, karibu na Marseille, kusini ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, naye mwenyewe kwanza alifundisha Kiingereza, kisha akaacha kazi hiyo akaandika michezo ya kuigiza. Sinema zilipoanza kusema, mwisho wa miaka ya 1920, watu wengi wa tamthilia walizidharau. Pagnol hakuzidharau. Aliona kwamba chombo hiki kipya chaweza kuchukua maneno ya watu wa kijiji kidogo na kuyafikisha mbali sana, jambo ambalo jukwaa haliwezi.

Hadithi aliitoa katika kitabu "Jean le Bleu" cha mwandishi Jean Giono, kilichotokea mwaka 1932. Giono naye alizaliwa mwaka 1895, katika mji wa Manosque, na sehemu kubwa ya maandishi yake ni habari za wakulima na wachungaji wa kondoo. Katika kitabu hicho habari ya mwoka mikate ni kipande tu. Pagnol alikichukua kipande hicho akakipanua kikawa sinema ya zaidi ya saa mbili.

Jambo moja ulikumbuke. Pagnol alipenda kupiga picha nje, katika mahali penyewe, badala ya kujenga vijiji vya mbao ndani ya nyumba za sinema. Sinema hii ilipigwa katika Le Castellet, kijiji cha mawe kilicho juu ya kilima, katika jimbo la Var. Na wachezaji wake wengi walikuwa watu wa kusini, wenye kusema kwa lafudhi ya kusini. Zamani hizo Kifaransa kilichohesabiwa kuwa kizuri kilikuwa cha Paris, na mtu wa kusini aliposema, watu wa Paris walicheka. Pagnol aliwaacha watu wake waseme kama wasemavyo nyumbani kwao, na Wafaransa wote wakawasikiliza. Hilo lilikuwa jambo la heshima kwa watu wa mashamba.

Mchezaji mkuu ni Raimu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jules Muraire, mzaliwa wa Toulon, mwaka 1883. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzito na uso mpana, aliyezoea kuchekesha watu. Utaona kwa nini Pagnol alihitaji mtu wa namna hiyo.

Hadithi yenyewe

Kijiji cha hadithi kinaitwa Sainte-Cécile. Tangu mwanzo twaona kwamba watu wake hawapatani. Mkulima mmoja analalamika kwamba miti ya jirani yake inatia kivuli bustani yake ya mboga. Wengine hawasemeshani kwa ugomvi wa zamani. Padre na mwalimu wa shule hawapikiki chungu kimoja. Bwana mkubwa wa mahali hapo, mwenye cheo cha marquis, anaishi na wasichana anaowaita wapwa zake, na padre anamkemea kwa sababu hiyo.

Katika kijiji hiki amefika mwoka mikate mpya, Aimable. Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye kujua kazi yake vizuri. Mke wake, Aurélie, ni kijana na mzuri wa sura, naye hukaa dukani kuuza mikate. Watu wanakuja kununua, wanaonja, wanafurahi. Kwa hakika mkate ni mzuri.

Mchungaji wa kondoo, kijana anayeitwa Dominique, anakuja kuchukua mikate ya nyumba ya marquis. Aurélie anamtazama, naye anamtazama. Hawasemi mengi. Usiku mchungaji na wenzake wanakuja kuimba chini ya dirisha. Mume, kwa wema wake, anadhani wanaimba kumshukuru kwa mkate wake mzuri! Hapo mtazamaji anacheka. Lakini kicheko chenyewe kina huruma ndani yake, maana sisi twajua asilolijua yeye.

Usiku ule ule Aurélie anatoroka na mchungaji, wamepanda farasi wa marquis. Asubuhi mume anaamka, anamwita mkewe, hapati jibu. Kwanza anasema kwamba amekwenda kwa mama yake. Anawaambia watu hivyo, tena na tena. Watu wanajua. Wengine wanamwonea huruma, wengine wanamdhihaki mbele ya uso wake. Mwisho, anapoishiwa na maneno ya kujidanganya, anakwenda kunywa pombe mpaka analewa. Kisha anatangaza neno moja tu: mke wangu asiporudi, sitaoka mkate.

Sasa dhihaka inakwisha. Kijiji hakina mkate. Marquis anawakusanya wanaume, anawagawia kila mmoja upande wake wa kutafuta, kama jeshi linalokwenda vitani. Watu wasiosemeshana wanaanza kusemeshana, maana hawana budi. Mvuvi mzee, Maillefer, anarudi na habari kwamba amewaona wapenzi hao kwenye kipande cha nchi kavu katikati ya maji ya bwawa. Lakini mzee huyu hataki kukatizwa maneno. Lazima asimulie kwanza habari za samaki wake, na watu wote wanauma meno wakingojea.

Nani waende kumleta? Wanatumwa padre na mwalimu wa shule, wale maadui wawili. Na kwa kuwa padre hataki kulowa, mwalimu anambeba mgongoni katika maji. Mchungaji anapowaona anakimbia, anamwacha mwanamke peke yake.

Aurélie anarudi giza likiingia. Mume hampigi, wala hamtukani. Anamkaribisha, anamwuliza kama ana njaa, anamwonyesha mkate mdogo aliouoka kwa umbo la moyo. Wakati huo paka wao jike, Pomponnette, ambaye naye alikuwa ametoroka siku kadhaa, anaingia ndani. Hapo ndipo hasira yote ya yule mume inapomtoka, lakini inamwangukia paka. Anamkaripia paka kwa kumwacha paka dume peke yake, akihangaika. Anamwita majina mabaya. Anamwuliza yule paka dume wa mitaani alimpa nini, kama alimpenda kweli. Kisha anamwekea maziwa. Aurélie analia. Mume anamwuliza paka kama ataondoka tena, na anayejibu kwamba hataondoka ni mke. Baadaye wote wawili wanawasha moto wa tanuri.

Kwa nini mkate?

Pengine utauliza: kwa nini kijiji kizima kitaharuki kwa ajili ya mkate? Si wangekula kitu kingine? Hapa yafaa tujue maisha ya Wafaransa wa mashamba katika miaka ile. Kwao mkate ulikuwa kama ugali au wali kwetu. Mtu aliyekula nyama na mboga bila mkate alisema hajala.

Tena kazi ya kuoka si kazi ya kuifanya mara moja. Mwoka mikate hukanda unga na maji na chachu, huuacha uumuke kwa saa nyingi, huwasha kuni ndani ya tanuri la mawe mpaka mawe yashike moto, kisha huondoa makaa, husafisha sakafu ya tanuri, na kuingiza mikate kwa koleo refu la mbao. Mkate huiva kwa joto lililokaa ndani ya mawe. Chachu yenyewe ni kitu hai. Lazima ilishwe unga kila mara, la sivyo huharibika. Kwa hiyo mwoka mikate hufanya kazi usiku wakati watu wamelala, na usiku mmoja tu akiacha, asubuhi kijiji chote kinajua.

Sasa waona ufundi wa hadithi. Pagnol hakuchagua mshona viatu wala fundi wa saa. Alichagua mtu ambaye huzuni yake inaingia katika kila nyumba wakati wa chakula. Fundi wa saa akiachwa na mke, watu watazungumza wiki moja, kisha watasahau. Mwoka mikate akiachwa, watu wanakosa chakula. Na sababu ya kuungana kwao, kwa kweli, haikuwa upendo. Ilikuwa njaa. Hapo Pagnol anatucheka kidogo: wema wetu mara nyingi huanzia tumboni. Lakini pia anatuonyesha kwamba watu walioanza kutafuta kwa ajili ya mkate, walipomaliza walikuwa wamejifunza kuambiana habari za asubuhi.

Padre na mwalimu

Ugomvi wa padre na mwalimu nao una mzizi wa kweli. Sheria za miaka ya 1881 na 1882 zilifanya shule za msingi za serikali ya Ufaransa ziwe za bure, za lazima kwa watoto, na zisizofundisha dini. Mwaka 1905 sheria nyingine ilitenga kanisa na serikali. Toka hapo, katika vijiji vingi, mwalimu alikuwa mtu wa serikali na padre mtu wa kanisa, na kila mmoja alitaka kuwaongoza watu.

Katika sinema wanagombana juu ya Jeanne d'Arc, msichana aliyeongoza majeshi ya Ufaransa na kuchomwa moto mjini Rouen mwaka 1431. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1920. Mwalimu amewaambia watoto kwamba Jeanne aliamini kuwa anasikia sauti za mbinguni. Padre anataka aseme kwamba alizisikia. Tofauti ni neno moja tu, lakini ndani ya neno hilo kuna ugomvi wa taifa zima. Na wawili hao wanapopita majini, mmoja mgongoni kwa mwenzake, hatuambiwi nani alishinda. Twaonyeshwa kwamba iko kazi ambayo mmoja peke yake hawezi kuitimiza.

Sheria ya ndoa siku zile

Sasa tuje kwenye jambo zito. Tukimsifu Aimable kwa kusamehe, hatuna budi kujua sheria ilimpa nguvu gani.

Sheria ya jinai ya Ufaransa ya mwaka 1810, iliyokuwa bado inatumika mwaka 1938, ilisema kwamba mke akipatikana na hatia ya ugoni, afungwe gerezani miezi 3 mpaka miaka 2. Mume hakuadhibiwa kwa ugoni isipokuwa ameweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa, na adhabu yake ilikuwa faini tu. Tena, mume ndiye aliyekuwa na haki ya kumshtaki mke. Na hata mke akisha kufungwa, mume aliweza kuikatiza adhabu kwa kukubali kumrudisha nyumbani. Yaani sheria iliweka msamaha mkononi mwa mume, kama ufunguo wa gereza. Sheria hiyo hiyo ilimpunguzia hatia mume aliyemwua mkewe kwa kumfumania katika nyumba yao. Mambo hayo yalifutwa mwaka 1975.

Mwaka ule ule wa sinema, tarehe 18 Februari 1938, Ufaransa ilipitisha sheria iliyoondoa wajibu wa mke kumtii mume. Hata hivyo mume aliendelea kuitwa mkuu wa nyumba, na alikuwa na haki ya kuchagua mahali pa kukaa. Wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1944, wakaitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1945. Na ilikuwa mwaka 1965 ndipo mke alipopata haki ya kufanya kazi ya mshahara na kufungua hesabu ya benki bila mume kuweza kumzuia.

Ukijua hayo, utaona mambo mawili. Kwanza, Aimable angeweza kwenda kwa polisi, na sheria ingekuwa upande wake. Hakwenda. Hakutaka mke afungwe, alitaka arudi. Huo ni utu, na hatupaswi kuudharau kwa kuuita ujinga. Watu wa kijiji walimwona mjinga kwa sababu hakutenda kama mwanamume anavyotazamiwa kutenda. Sinema yasimama upande wake, na hapo ndipo Raimu alipohitajika: mtu tuliyezoea kumcheka anatulia mbele yetu, na kicheko kinakwama kooni.

Pili, tazama nani hasemi. Mume anasema, padre anasema, mwalimu, marquis, mvuvi, vikongwe wa mtaani, wote wanasema juu ya Aurélie. Yeye mwenyewe anasema maneno machache mno. Hatuambiwi aliolewaje na mtu aliyemzidi sana umri, wala alikuwa akiwaza nini dukani siku nzima, wakati mume amelala mchana kwa kuwa alifanya kazi usiku. Kijiji kilikwenda kumtafuta, lakini kilikuwa kinatafuta mkate wake. Hakuna aliyemwuliza: wewe, mama, una haja gani? Hata karipio alilopewa lilipitia kwa paka.

Wako wanaosema kwamba habari ya paka ni hekima kubwa: mume alitoa uchungu wake bila kumwaibisha mkewe, naye mke akapata njia ya kujibu bila kupiga magoti. Wako wanaosema kwamba ni ukali uliovikwa upole, maana yale matusi Aurélie aliyasikia yote, na hakuwa na nafasi ya kujitetea. Kwa maoni yangu, yote mawili yamo. Msamaha wa Aimable ni wa kweli, na haujakamilika. Utakamilika siku Aurélie naye atakapopewa nafasi ya kusema, na mume akasikiliza. Sinema inakwisha kabla ya siku hiyo. Inatuachia moto unaoanza kuwaka, na watu wawili wamesimama mbele yake.

Mwisho wa somo

Sinema hii ilivuka bahari. Mwaka 1940 wahakiki wa sinema wa New York waliichagua kuwa sinema bora ya nchi za nje. Raimu alikufa mwaka 1946, na mwaka huo huo Pagnol alichaguliwa kuingia katika Académie française, baraza la watu wakubwa wa lugha ya Kifaransa, akiwa mtengenezaji wa sinema wa kwanza kupata heshima hiyo. Alikufa mwaka 1974. Sainte-Cécile ya sinema haikuwa na barabara kubwa wala kiwanda. Ilikuwa na kisima, kanisa, shule, na tanuri moja. Mambo hayo yalitosha kuwafanya watu wa mbali wajione wao wenyewe.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kutazama sinema yo yote, jiulize mambo matatu. Nani anachekwa, na kwa nini? Nani anasema, na nani amenyamaza? Na kama hadithi hii ingesimuliwa na yule aliyenyamaza, ingekuwaje?

Maswali ya mazungumzo

1. Watu wa Sainte-Cécile waliungana kwa ajili ya njaa. Je, umoja unaoanza kwa haja ya tumbo waweza kudumu haja ikiisha? Toa mfano.

2. Ndoa ya Aimable ilipoharibika, kijiji kiliingia kati. Ni wakati gani yafaa majirani waingie katika shauri la mume na mke, na ni wakati gani yafaa wakae mbali?

3. Sheria ilimwadhibu mke kwa kifungo na mume kwa faini. Sheria ya namna hiyo yafundisha nini watoto wa kiume, na yafundisha nini watoto wa kike?

4. Wewe ungekuwa Aurélie, usiku ule wa kurudi ungemwambia nini mumeo, paka asingekuwapo?